Ifungue juani kwanza

Ukitaka kujua kama tovuti imesanifiwa vizuri, usiitazame ofisini kwa fundi aliyeitengeneza. Kioo chake ni kikubwa, dirisha lina pazia, na maneno ya majaribio kayachagua mwenyewe. Chukua simu ya bei nafuu, toka nje saa saba mchana, uifungue ukiwa umesimama kituoni.

Juani, cha kwanza kupotea ni kijivu. Mafundi wanakipenda mno: maandishi hafifu juu ya weupe huonekana ya kistaarabu ndani, lakini nje hayasomeki. Hapa hapahitaji ubishi, kipimo kipo. Miongozo ya kimataifa ya WCAG inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1. Maandishi ya ukubwa wa vichwa vya habari yameruhusiwa kushuka hadi 3 kwa 1.

Kisha finya macho mpaka kila kitu kiwe ukungu. Nini kimebaki? Kazi nzuri hubakiza jambo moja, pengine mawili. Daladala inaweza kujaa stika na misemo mbele hadi nyuma, lakini abiria wa Mbagala analiona neno Mbagala akiwa ng'ambo ya barabara. Ukurasa wenye picha tano zinazopokezana, nembo inayochezacheza na vitufe vinne vyekundu hauna kibao cha njia. Kila mkuu wa idara alitaka chake kikae juu, na fundi hakuthubutu kukataa. Huo mimi siuiti usanifu. Ni kumbukumbu za kikao.

Kinyume chake, tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, ilizinduliwa 2012 ikiwa na maandishi meusi juu ya weupe, bila pambo la maana. Mwaka 2013 Design Museum ya London iliipa tuzo ya usanifu bora wa mwaka. Herufi zake zina asili ya barabarani: zimetokana na zile ambazo Jock Kinneir na Margaret Calvert walizichora kwa ajili ya vibao vya barabara za nchi hiyo, zisomwe na mtu aliye mwendoni.

Sasa weka Kiswahili. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoumbuka, kwa sababu zilichorwa kwa maneno ya Kiingereza, tafsiri ikaja kupachikwa mwishoni. Kitufe kilichokatwa kwa neno la herufi nne hakiwezi kumeza "Endelea". Kichwa cha habari kinaishia na nukta tatu kabla hakijasema kitu. Na vitenzi vyetu ni virefu: "yatakayowasilishwa" lina herufi 18, karibu nusu ya mstari kwenye simu. Fundi akilazimisha maandishi yanyooke pande zote mbili, maneno yanaachana, na katikati ya aya panabaki mashimo kama meno yaliyong'oka. Anayejua hunyoosha kushoto, kulia akakuacha kuende kutakavyo.

Tazama pia nini kimekaa karibu na nini. Niliwahi kujaza fomu ambayo kila jina la kisanduku lilielea katikati kabisa, kati ya kisanduku cha juu na cha chini. Nikaandika namba ya simu mahali pa namba ya kitambulisho, mara mbili. Hakuna rangi wala picha ambayo ingeiokoa fomu ile. Ilihitaji tu jina lisogezwe karibu na kisanduku chake.

Mwisho, tumia kidole gumba, tena cha mkono ulioshika simu. Apple hupendekeza eneo la kugusa lisilopungua pointi 44 kila upande. Sibebi rula, natafuta vitufe vya "Tuma" na "Futa". Nikivikuta vimebanana, rangi moja na ukubwa mmoja, sihitaji kuangalia kurasa zilizobaki.