Meza Moja, Mikasi Mingi

Kolaji ni sanaa ya kukata na kubandika. Unachukua picha ya gazeti, ukurasa wa kitabu kilichochakaa, tiketi ya basi, unavipanga juu ya karatasi nyingine mpaka viseme jambo ambalo kila kimoja peke yake kisingelisema. Kwa kuwa mkasi na gundi tulivishika tangu chekechea, wengi huiona kuwa mchezo wa watoto. Na kwa kuwa kazi yenyewe hufanyika mezani, mtu akiwa na lundo lake la makaratasi, ni rahisi kudhani kwamba msanii wa kolaji hana haja ya wenzake.

Tamasha la Kolaj Fest New Orleans, lililoanza 2018 katika mji huo wa jimbo la Louisiana, Marekani, linatupa sababu ya kuzitilia shaka dhana zote mbili. Kwa siku kadhaa wakataji karatasi hukutana kwa mijadala, warsha na maonyesho. Linajiita tamasha na kongamano kwa wakati mmoja, na hilo la kongamano ndilo linalonivutia zaidi. Mtu anayefika akitafuta msukumo na jumuiya anatazamia kupata nini hasa kwa wenzake, ikiwa akirudi nyumbani atakata peke yake?

Jibu bora ninalolijua lina umri wa miaka sitini na ushei. Mwaka 1963, jijini New York, wasanii Weusi wa Marekani, miongoni mwao Romare Bearden, Hale Woodruff, Charles Alston na Norman Lewis, waliunda kikundi cha Spiral. Harakati za haki za kiraia zilikuwa zimepamba moto, nao walitaka kujadiliana wajibu wa msanii katika wakati kama ule. Bearden akapendekeza watengeneze kolaji moja kwa pamoja. Wenzake hawakuvutiwa. Akaendelea mwenyewe. Reginald Gammon, mwanakikundi mwenzake, alipoviona vipande vile vidogo akamshauri avikuze kwa njia ya fotografia. Kazi hizo zilionyeshwa 1964 kwa jina la Projections, na ndizo zilizomweka Bearden katika safu ya mabingwa wa kolaji wa karne ya 20.

Kidole kimoja hakivunji chawa, tunaambiwa. Kisa cha Spiral kinaikubali methali hiyo kwa masharti. Mkasi ulibaki mkononi mwa mtu mmoja. Lakini bila kikundi, Bearden asingekuwa na wa kumpelekea pendekezo, wala wa kumkatalia, wala wa kumwambia kwamba kidogo chake kinaweza kuwa kikubwa. Wenzake walimkopesha macho. Mikono ilikuwa yake.

Kwa kipimo hicho, sioni sana faida ya zile kolaji za pamoja ambazo kila anayepita mezani hubandika kipande chake. Zinachangamsha, watu hupigwa picha mbele yake, lakini mara nyingi hakuna mwenye mamlaka ya kuamua kipi kiondolewe. Na nusu ya sanaa hii ni kuondoa.

Uzito wa uamuzi huo unaonekana katika kazi za Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, ambazo mwaka 2024 zilionyeshwa katika mji huohuo, kwenye jumba la New Orleans Museum of Art, katika maonyesho yaliyoitwa Intertwined. Chukua mfululizo wake wa kolaji 12, Histology of the Different Classes of Uterine Tumors. Aliujenga juu ya michoro ya vitabu vya tiba, michoro ya viungo vya uzazi na maradhi yake. Juu yake akabandika macho, midomo na vipande vya majarida, mpaka nyuso zikajitokeza. Ukurasa uliomfanya mwanamke kuwa kiungo cha kuchunguzwa, sasa unakutazama. Mutu anakata picha ambazo tayari zilikuwa zimemkata mwanamke vipande vipande.

Hapo mchezo wa chekechea umekwisha. Kila picha unayoikata ina aliyepigwa na aliyepiga, na kuna aliyeichapisha kwa nia yake. Ukiwa peke yako unaweza kusahau. Ukiwa na wenzako mezani, kuna atakayeuliza: huyu ni nani, na kwa nini umemtoa kichwa?

Kijana anayefanya kolaji chumbani kwake Kisumu au Dar es Salaam hahitaji nauli ya New Orleans ili aulizwe swali hilo. Spiral wenyewe hawakudumu. Miaka michache tu, wakatawanyika. Watu wanne, meza moja, na ujasiri wa kuambiana ukweli vinatosha kuanzia. Mkasi kila mmoja aje na wake.