Ufundi wa Kuachiana Nafasi

Mgeni aliyefika Nairobi kwa wikendi akiulizia muziki huelekezwa Westlands au katikati ya jiji. Burudani hakosi huko, lakini mimi ningemshauri apande matatu za Jogoo Road, apite Kaloleni na Jericho hadi Buru Buru au Umoja, upande wa Eastlands, atafute bendi inayopiga laivu. Namtuma huko kwa ajili ya ufundi. Bendi inapopiga mbele ya watu, kinachostahili sifa kuliko wepesi wa vidole na ukubwa wa sauti ni jinsi wapigaji wanavyoachiana nafasi: nani anyamaze, nani ajibu, nani ashikilie mdundo mwenzake anapopaa. Ufundi huo husikika nusu tu kwenye simu, na hakuna anayeweza kuujifunza peke yake chumbani.

Tazama benga, muziki uliolelewa kwa miongo na baa za mitaa hii. Gitaa la solo humfuata mwimbaji kauli kwa kauli, likirudia alichosema kwa namna ambayo wengi huinasibisha na nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Kisha sauti hukoma, magitaa hubaki yakikimbizana, na besi hurukaruka kwa njia yake yenyewe. Mpiga besi akijaza kila mwanya, hakuna atakayecheza. Sarabi, bendi iliyokulia Eastlands tangu katikati ya miaka ya 2000, ilijengwa juu ya nidhamu hiyo hiyo. Wimbo kama “Fuata Sheria”, unaokemea ufisadi, unataka kila neno limfikie msikilizaji. Wapigaji wakishindana na mwimbaji, lawama yenyewe inapotea katika kelele.

Mkazi wa Dandora ana haki ya kunipinga. Kalamashaka, kundi la rap, waliibuka kwao miaka ya 1990 bila bendi, na Ethic wakatoka Umoja mwaka 2018 wakatikisa nchi kwa “Lamba Lolo”, mdundo ukiwa umetengenezwa kwa kompyuta. Bendi ya nini, atauliza, ilhali gitaa, amplifaya na seti ya drams vinakula kodi ya nyumba ya miezi mingi? Hoja hii ina uzito, na kazi ya vijana hao siidunishi hata kidogo. Kompyuta imewapa kinywa watu ambao wasingeingia studio kamwe. Lakini vyombo vikiwa ghali, dawa ni kuvitafuta kwa pamoja. Huko Korogocho, Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008, umewapa watoto wa mtaa vyombo vya okestra, na okestra humfundisha mtoto kuhesabu kimya chake kabla ya kupuliza. Aliyezoea kungoja zamu hivyo yuko tayari kwa bendi yoyote. Kumbi za kijamii, kama ule wa Kaloleni uliojengwa enzi za ukoloni, zingeweza kufanya kazi hiyo kila jioni zikiwekewa vyombo vya kuazima.

Wapo pia wasemao kuwa roki na magitaa ya umeme ni mambo ya wageni. Historia ya jiji inawajibu. Katika miaka ya 1960 Fadhili William, Daudi Kabaka na wenzao wa Equator Sound Band waliichukua twist ya ng'ambo wakaipa Kiswahili na mwendo wao. Mwaka 1968 The Tremeloes wa Uingereza wakaurekodi “Helule Helule” wa Kabaka, ukaingia kwenye chati za kwao. Karibu zaidi na siku zetu, Parking Lot Grass wa Nairobi wameiimba roki kwa Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa.

Basi atakayekwenda asisimame mbele kabisa, ambako spika humeza kila kitu. Asogee pembeni amwone mpiga besi na mpiga drams wakitazamana kabla ya kubadilisha mwendo. Na stima ikipotea katikati ya wimbo, asikimbilie mlangoni. Bendi iliyozoea kusikilizana haivunjiki hapo: drams huendelea, mwimbaji huzifuata bila kipaza sauti, na waliokuja kutazama huchukua kiitikio mpaka taa zirudi.