Ngazi ya Karatu na Nakshi ya Unguja

Anayezungumzia sanaa ya mbao katika Afrika Mashariki aghalabu huanzia mlangoni. Mlango wa Unguja au wa Lamu, pamoja na mfaa wake na njumu zake za shaba, umeandikiwa vitabu, umepigwa picha na umeuzwa ng'ambo. Nakshi yake imesafiri hata nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania. Hoteli ya Ngorongoro Crater Lodge, iliyojengwa upya katika miaka ya 1990 kwa michoro ya msanifu Silvio Rech wa Afrika Kusini, ilipambwa kwa mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Unguja. Mgeni huzitazama mbao za namna hiyo na kuzisifu. Ni nadra kutazama kipandio alichokikanyaga ili azifikie, na uhakiki wa sanaa hii nao umekuwa na kasoro iyo hiyo.

Nakshi huvumilia kosa. Jani moja likichongwa nene kuliko mwenzake, jicho husamehe. Ngazi haina msamaha huo. Mwenye kupanda huhesabu kwa miguu bila kujua kwamba anahesabu. Baada ya vipandio viwili au vitatu mguu umekwisha kujifunza kimo, na kimoja kikizidi kwa sentimita mbili tu, hujikwaa, kama msomaji anavyojikwaa penye mshororo uliopungukiwa mizani. Mfaransa François Blondel aliiandika kanuni yake katika karne ya 17: kimo cha vipandio viwili kikijumlishwa na upana wa kimoja, jumla ilingane na hatua moja ya mtu, yaani sentimita 60 hadi 65 hivi. Fundi aliyefunzwa na baba yake huenda hajalisikia jina la Blondel, lakini kanuni anayo; aliipata mguuni kabla ya kuipata kwenye futikamba.

Karatu si mji wa ghorofa za kale. Nyumba za asili za Wairaqw zilichimbwa kwenye miteremko, paa la udongo likikaribia kulingana na ardhi. Aliyeingia humo hakuhitaji kupanda. Ngazi imekuja na majumba ya ghorofa na hoteli, hasa baada ya lami ya kutoka Makuyuni kufika lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo anachorithi seremala wa huko si maumbo ya kale, bali ni adabu ya kazi. Mtoto huanza kwa kuzoa maranda, akapewa msasa, halafu randa, na patasi mwisho. Anachofunzwa hasa ni tabia ya mti. Mbao ya mninga kutoka Tabora hufika Karatu, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, kisha hupandishwa hadi ukingo wa kreta, penye mita 2,300 hivi, ukungu na baridi. Humo ndani moto wa kuni huikausha tena. Mbao hujaa unyevu na kusinyaa. Fundi asiyejua hukaza kila kiungo kwa gundi na misumari, na baada ya muda ngazi hulia na kupasuka. Anayejua huikausha mbao kwa subira, hukata ulimi unaoingia sawasawa katika tundu lake, na huacha nafasi ndogo ili mti upumue. Nafasi hiyo aghalabu haimo katika mchoro wa msanifu.

Ugumu huanza kazi inapogeuka biashara. Mteja huja na picha mkononi na hudai nakshi kwanza, kwa kuwa nakshi ndiyo inayoonekana. Siku za kukausha mbao hakuna aliye tayari kuzilipia, na fundi anayetaka riziki hushawishika kupunguza pale pasipoonekana. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo hulaumu pambo tupu. Lakini kwa seremala, hicho kipande cha mti ndicho kazi yenyewe.

Lawama, hata hivyo, haimwangukii mteja peke yake. Useremala wa kurithi una kasoro yake, nayo ni usiri. Ujuzi usiochorwa wala kuandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe. Mpango wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa huwapa mafundi vyeti, na hilo ni jema. Ila cheti humthibitisha mtu, hakihifadhi namna anavyounga ngazi.

Kisha lipo suala la jina. Msanifu wa hoteli hutajwa. Seremala aghalabu hatajwi. Lau jina lake lingechongwa chini ya kipandio cha kwanza, pasipokanyagwa, angekuwa na sababu ya kuonea haya hata kosa lililofichika, na mwanawe angekuwa na cha kulinda. Hadi siku hiyo, fundi hujulikana kwa njia moja tu: kupanda ngazi yake taratibu na kusikiliza kama inalia.