"Kizuio" Kimoja, Dhana Tatu: Uhakiki wa Tafsiri ya Maelezo ya Mashine ya Ukuta

Tangu Baraza lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, usanifishaji wa istilahi za ufundi umekuwa miongoni mwa kazi zetu. Hivi karibuni tumepokea tafsiri ya maelezo ya mashine ya kusaga na kusawazisha uso wa ukuta, nasi tumeisoma pamoja na waashi wa Ngaramtoni, kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga. Katika mashine hiyo, kigari chenye kichwa cha kusagia hupanda na kushuka juu ya reli mbili zilizosimamishwa wima.

Mfasiri anastahili sifa. Palipohitaji kuelezwa namna ya kusimamisha reli, ametumia "timazi" na "pimamaji", na waashi walimwelewa papo hapo.

Kasoro iko katika neno "kizuio". Limebebeshwa dhana tatu: kifaa kinachoshika kigari umeme ukatikapo, kifaa kinachokatisha mwendo mwishoni mwa reli, na uzani uning'inizwao kwenye kapi ili kulingana na uzito wa kigari. Katika mwendo wa mlalo, utata huo ungeleta usumbufu tu. Katika mwendo wa wima unahatarisha maisha, kwani uzito huvuta chini daima. Maelezo yanaporuhusu "kizuio" kifunguliwe kisafishwe kigari kikiwa juu, kipi kifunguliwe? Waashi watatu tuliowasomea sentensi hiyo walionyesha sehemu mbili tofauti.

Vilevile, "parafujo" haikupambanuliwa. Parafujo yenye hesi za mwinamo mdogo hushika mzigo kwa msuguano wake yenyewe. Ile izungukayo juu ya gololi hurudi nyuma kwa urahisi, hivyo haina budi kusaidiwa.

Twapendekeza "breki", "kikomo" na "uzani wa kulinganishia" kwa dhana zile tatu. Kisha "parafujo ya msuguano" na "parafujo ya gololi". Watakaolalamika kwamba "breki" ni neno la mkopo wakumbuke kuwa "reli" na "mota" ni mikopo pia, na kwamba kila mwendesha baiskeli anaijua breki.

Tunamwomba mfasiri apitie upya kila sentensi yenye "kizuio" kabla maelezo hayo hayajagawiwa kwa mafundi.