Mpenda Amani na Haki ya Palestina: Uhakiki wa Hotuba za Kumbukumbu

Hotuba ya kumbukumbu ni tawi la fasihi lenye umri mkubwa na wahakiki wachache. Husemwa mbele ya umati, husikizwa kwa heshima, kisha husahauliwa kabla vumbi la uwanja halijatua. Hata hivyo watu wengi hujifunza katika hotuba hizo, kuliko katika vitabu, mtu mkuu alikuwa nani na alitaka nini. Kwa sababu hiyo zastahili kupimwa kwa mizani ile ile wanayopimiwa washairi.

Tanzania ina siku mbili zinazofuatana kwa majuma machache ambazo hotuba za namna hii hutolewa. Ya kwanza ni 14 Oktoba, siku aliyofariki Julius Nyerere mwaka 1999. Ya pili ni 29 Novemba, Siku ya Kimataifa ya Mshikamano na Watu wa Palestina, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1977 katika tarehe ambayo azimio la kuigawa nchi ya Palestina lilipitishwa mwaka 1947. Siku ya kwanza Nyerere hutajwa kuwa mpenda amani. Siku ya pili hutajwa kuwa rafiki wa Wapalestina. Sifa zote mbili ni za kweli. Kasoro imo katika kuzitenga, kana kwamba ni sifa za watu wawili, na katika kuacha mambo magumu yaliyoziunganisha.

Neno la kwanza la kupimwa ni amani. Ushahidi wa kumwita Nyerere mpenda amani si haba. Mwaka 1983 alipewa Nishani ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi; mwaka 1995 alikuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Amani ya Gandhi ya India; na tangu 1996 mpaka kifo chake alikuwa msuluhishi wa Warundi, kazi iliyopokewa na Nelson Mandela hata mkataba ukatiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Lakini mtu huyo huyo aliitambua Biafra mwaka 1968, ingawa umoja wa Afrika ulikuwa wimbo wake wa kila siku, na majeshi yake yaliingia Kampala mwaka 1979. Mambo hayo husimuliwa penginepo, katika sifa za ushujaa, wala hayaletwi karibu na neno amani. Yakiletwa, neno hilo hupata maana. Nyerere hakuipenda amani kwa kuwa ni kimya. Aliitaka iwe matokeo ya haki, na haki ilipokosekana hakuona fahari katika utulivu. Msemaji anayeficha vita vya mtu huyu hamwongezei sifa ya amani, bali huwaacha wasikilizaji na sanamu ya mzee mpole asiyemkera mtu.

Neno la pili ni mshikamano. Hapa historia ina mapindo mengi kuliko hotuba zinavyokiri. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru Israeli ilikuwa rafiki wa karibu. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilipata msaada wa Waisraeli, na mafundi wao walifanya kazi katika vyama vya ushirika na kilimo. Kwa hiyo aliposimama mbele ya mkutano mkuu wa TANU mjini Mwanza, Oktoba 1967, miezi michache baada ya vita vya siku 6, Nyerere hakuwa akisema habari ya adui wa zamani.

Ujenzi wa hoja yake siku ile wastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa ufasaha. Alikiri kwanza kwamba kuundwa kwa Israeli kulikuwa dhuluma kwa Waarabu, na kwamba dunia iliistahimili kwa sababu ya mateso yaliyowapata Wayahudi. Kisha akasema kwamba dola hiyo sasa ipo, na Tanzania yaitambua na kutaka urafiki nayo kama itakavyo urafiki na Waarabu. Mwisho akakataa kwamba ushindi wa vita waweza kuwa hati ya kumiliki ardhi ya wengine. Hatua hizo 3 hazikumfurahisha msikilizaji yeyote mwanzo hadi mwisho. Aliyependa ya kwanza alichukizwa na ya pili, na aliyeshangilia ya pili alinyamazishwa na ya tatu. Hotuba nyingi za kumbukumbu huchukua hatua moja, zikaipamba kwa vivumishi, na kuziacha nyingine njiani. Oktoba 1973 Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli, na mwaka huo huo ofisi ya Chama cha Ukombozi wa Palestina ilifunguliwa Dar es Salaam. Matendo hayo yalitoka katika hatua ya tatu, na bila ya mbili za kwanza hayaeleweki.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1979. Wapiganaji wa Chama hicho cha Ukombozi walikuwako Uganda, na baadhi yao walipigana upande wa Idi Amin dhidi ya askari wa Tanzania. Kama mshikamano ungekuwa biashara ya fadhili kwa fadhili, mwaka huo ungekuwa mwisho wake. Haukuwa. Tanzania iliendelea kuitetea haki ya Wapalestina, na mwaka 1988 ikalitambua taifa lao. Neno mshikamano limebeba ndani yake kiambishi cha kutendeana: nikushike, nawe unishike. Mwenendo wa Tanzania ulivuka sarufi ya neno lenyewe, maana uliishika haki ya mtu ambaye wakati huo ndugu zake walikuwa wameelekeza bunduki upande wa pili. Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo ambayo msemaji wa 29 Novemba angeweza kumpa Nyerere.

Mwanafasihi ataongeza ushahidi mwingine. Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza lataja mfanyabiashara mmoja. La Kiswahili lataja wengi. Kwa wingi huo mdogo wa kisarufi, lawama inayoweza kumwangukia Myahudi peke yake yaenezwa juu ya mji mzima wa watu wa faida. Wapo wanaoiona tafsiri hiyo kuwa ni siasa iliyopachikwa juu ya sanaa. Hata ikiwa hivyo, ni siasa inayolaumu mfumo mahali ambapo wengine hulaumu kabila, na ndiyo adabu inayotakiwa katika maneno ya Palestina. Hotuba inayoteleza kutoka katika matendo ya serikali ya Israeli hadi kuwatukana Wayahudi haiwezi kujifunika kwa jina la Nyerere.

Wapi basi hotuba hizi zipimwe? Dar es Salaam ukumbi umejaa wanaokubaliana tangu mlangoni. Mizani bora ni mahali kama Kakesio, kata ya wafugaji ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Huko neno ardhi si tamathali. Wamasai walihamishwa Serengeti kufuatana na mapatano ya 1958, wakaahidiwa makao Ngorongoro. Na tangu 2022 kaya za hifadhi hiyo zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni, huku ubishi ukiendelea kuhusu nani aliridhia na nani alisukumwa. Msikilizaji wa huko ataelewa upesi maana ya kuambiwa kwamba malisho ya babu yako yana mwenyewe mwingine. Ataelewa pia kwamba Nyerere anayesifiwa ndiye aliyetoa Ilani ya Arusha ya mwaka 1961 juu ya kuwalinda wanyama pori, na ataka kujua watu waliwekwa wapi katika ahadi ile. Wala msemaji asifananishe mambo kupita kiasi. Kakesio haikupigwa mabomu. Gaza, kwa hesabu ya wizara yake ya afya, ilikuwa imepoteza watu zaidi ya 67,000 kufikia Oktoba 2025. Mfano unaonyoshwa kupita urefu wake huwadharau wote wawili, mfugaji na mkimbizi.

Msikilizaji huyo atauliza tena jambo ambalo hotuba nyingi hulikwepa: habari za vijana 2 wa Kitanzania, wanafunzi wa kilimo, waliouawa katika shambulio la Hamas la 7 Oktoba 2023. Walikwenda kujifunza kulima. Hotuba ya mshikamano isiyo na nafasi ya kuwataja ni hotuba ya woga, kwa maana hoja ya Mwanza ilikuwa na nafasi ya wafu wa pande zote na bado ikafika kwenye hukumu yake juu ya ardhi iliyotwaliwa. Atakayesimama uwanjani 29 Novemba ijayo aanze na vijana hao, apitie 1979, kisha aseme haki ya Wapalestina. Watakaomsikiliza hadi mwisho huenda wakawa wachache kuliko kawaida, lakini watakuwa wameambiwa Nyerere alisimama wapi na kwa gharama gani.