Lubugo, Kitambaa Kisichofumwa

Kiguseni! Lubugo la Buganda limetandikwa mezani kwangu, jekundu la kigae, na mikono imegoma kuliacha. Ukipitisha kiganja upande huu kinateleza. Ukikirudisha, vijistari vya nyundo vinakukwaruza kwa mbali. Na harufu yake! Moshi kidogo, udongo kidogo, msitu mzima.

Hapa hamna uzi hata mmoja. Ni gome la ndani la mtuba, mti wa jamii ya mkuyu. Fundi hulibandua msimu wa mvua, kisha shina lililobaki wazi hufungwa majani ya mgomba, na gome huota upya! Mti uleule huvunwa tena na tena kwa miaka mingi bila kukatwa. Gome lenyewe hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo, mipana kwanza, myembamba baadaye, ndani ya banda lisilo na kuta ili lisikauke upesi. Linalainika na kutanuka mpaka huamini lilikuwa gome. Merikani na pamba nyingine za misafara ya biashara ya karne ya 19 zililisukuma kando, likabaki la matambiko, mazishi na kutawazwa kwa kabaka, mfalme wa Buganda. UNESCO iliitangaza kazi hii kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005.

Sasa lishone uone! Sindano inapita kwa utiifu, na ukingo uliokatwa haufumuki, kwa kuwa hakuna cha kufumuka. Ndiyo maana Sanaa Gateja, msanii wa Uganda, ameweza kulipamba kwa shanga nyingi za karatasi zilizokwisha kutumika likazibeba. Mwenzake Acaye Kerunen, anayefanya kazi na kina mama wasusi, alipeleka nyuzi na majani yaliyosukwa Venice mwaka 2022, Uganda ilipopata banda lake la kwanza kwenye maonyesho ya sanaa ya huko, na banda likatajwa kwa heshima na majaji.

Ombi langu moja kwa wasanii: msilifunike kwa rangi ya dukani! Rangi ya plastiki inaziba vile vijistari, na vijistari ndivyo utamu wenyewe. Tumieni ukindu, katani, vifuu. Mimi nimevutiwa zaidi na viraka: tawi lilipokuwa limeota hubaki tundu, na fundi hulishonea kipande kwa mkono, mishono ikionekana waziwazi. Kazi yangu ya kwanza itaanzia kwenye kiraka kikubwa kuliko vyote.