Kuhudhuria Shule Siku za Mtihani

Hakuna mwalimu ambaye hajapata kuulizwa na kijana aliyesimama mlangoni: "Mwalimu, leo sina mtihani, kwa nini nije?" Swali ni fupi, lakini si la upuzi. Wala haifai kulijibu kwa fimbo, au kwa kusema tu, "Sheria ni sheria," kwa maana jibu la namna hiyo humnyamazisha mtoto bila kumfundisha neno. Basi katika insha hii twataka kulipima swali hilo polepole, tuone lipi ni haki na lipi ni uvivu uliovaa nguo ya haki.

Na tulitazame kwanza mbali na kwetu, ili tusimwonee haya jirani. Katika jimbo la Texas, huko Marekani, sheria yasema ya kwamba mwanafunzi hahesabiwi kuwa amelimaliza somo lake asipohudhuria asilimia 90 ya siku lilipofundishwa. Akipungukiwa, iko kamati ya kuusikiliza udhuru wake. Tena fedha ambazo serikali ya jimbo huzipa shule hupimwa kwa wastani wa watoto waliohudhuria kila siku, wala si kwa wingi wa majina yaliyoandikwa katika daftari. Juu ya hayo, shule nyingi za sekondari huko zina desturi ya namna hii: mwanafunzi mwenye alama njema, ambaye hakukosa siku nyingi, husamehewa mtihani wa mwisho wa muhula.

Wanafunzi wana manung'uniko matatu juu ya mambo haya. La kwanza, katika shule nyingine aliyesamehewa mtihani hana ruhusa ya kukaa nyumbani. Yampasa kufika na kuketi bila kazi huku wenzake wakiandika. La pili, aliyeugua hupoteza msamaha wake, kwa kuwa ziko shule ambazo huhesabu hata siku za ugonjwa. La tatu, anayechelewa siku ya mtihani hufungiwa mlango.

Twaanza na hili la tatu, kwa sababu ndilo jepesi kuliko yote. Mlango wa mtihani haufungwi kwa ukali wa moyo. Huko Uingereza, mtihani mkubwa wa taifa ukianza saa tatu ya asubuhi, watahiniwa wote huwa chini ya ulinzi mpaka saa nne. Na anayefika baada ya saa nne kazi yake yaweza kukataliwa. Sababu yake yaonekana waziwazi. Ikiwa mmoja aweza kutoka mapema na mwingine kuingia akiisha kutoka yule, basi maswali yatapita njiani, na jasho la waliosoma kwa uaminifu litakuwa bure. Sheria hii huumiza, hasa mtoto atokaye mbali. Lakini hulinda haki ya maskini asiye na mtu wa kumnong'oneza maswali. Twawaambia vijana ya kwamba hapa hawana hoja. Walakini twawaambia wakubwa pia: aliyeuweka mlango yampasa kuifikiri njia. Mtoto wa mbali na atafutiwe mahali pa kulala karibu na shule usiku ule, kabla hajahukumiwa kuwa mvivu.

Nung'uniko la kwanza ni zito kidogo. Mtoto asiye na mtihani aitwa kuja kuketi. Kwa nini? Walimu humjibu, "Ni nidhamu." Lakini katika jimbo ambalo fedha za shule hufuata mahudhurio, kijana mwenye akili hukosa kuamini ya kuwa nidhamu ndiyo sababu yote. Ajua ya kwamba majina yakiisha kuitwa, kuwapo kwake kumekwisha kuhesabiwa. Sisi hatusemi ya kwamba ni dhambi shule kuhitaji fedha. Bila fedha hakuna chaki wala mshahara wa mwalimu. Twasema tu ya kwamba ni vibaya kuificha sababu. Mwalimu angesema, "Wanangu, shule yenu hupata riziki yake kwa kuhudhuria kwenu; njoni, na mkija nitawapa kazi ya kufanya," wengi wangekuja kwa moyo. Mtoto huweza kubeba mzigo mzito akiambiwa ni wa nini. Lakini akidanganywa, hata unyoya humchosha. Tena kumwita mtu kisha kumkalisha bure ni kumfundisha ya kwamba wakati hauna thamani.

Sasa twafikia la pili, nalo ndilo linalotuhuzunisha. Kumsamehe mtoto mtihani kwa kuwa hakukosa shule, maana yake ni nini? Ikiwa mtihani ni jambo jema, lenye kumwonyesha mtoto alichojifunza, mbona wanyimwa wema huo walio hodari? Na ikiwa ni adhabu, mbona waadhibiwa walioshikwa na homa, au waliokaa nyumbani kumuuguza mama? Wenye kuitetea desturi hii husema ya kwamba huwavuta watoto waje shule, na huenda ni kweli. Nasi tulio walimu twajua ya kuwa benchi tupu halijifunzi kitu. Lakini huwavuta pia wagonjwa. Tangu mwaka 2020, Covid ilipoenea ulimwenguni, kila mtu amejua hatari ya mgonjwa kuja kukohoa katikati ya watu. Kijana akificha homa yake ili asipoteze msamaha, nani mwenye kosa: yeye, au aliyemwekea tuzo kwa kuificha?

Hukumu yetu basi ni hii. Mahudhurio ni jambo moja, na maarifa ni jambo jingine. Asiyetenganisha mawili hayo huharibu yote mawili. Mtihani upime maarifa, nao upime ya wote. Daftari la mahudhurio lihesabu mahudhurio, wala mgonjwa asitiwe katika kundi la watoro. Na kila amri itolewe pamoja na sababu yake, mbele ya watoto na wazazi wao.

Nanyi vijana, msidhani ya kuwa tumesimama upande wenu katika kila jambo. Wahenga walisema, "Usikatae wito, kataa neno." Asiyefika shuleni siku ya mtihani ili kuonyesha hasira yake amekataa wito, na maneno yake hayasikiwi tena, watu huona kiti kitupu tu, wala hawajui kama ni cha mtetezi au cha mtoro. Bali afikaye kwa wakati, akaketi mahali pake, kisha akaandika barua ya adabu kwa mkuu wa shule, akitaja sababu moja baada ya moja, huyo amekataa neno. Mkuu mwenye busara hawezi kuitupa barua ya mtu ambaye jina lake limo katika daftari kila siku.